Unataka digrii ya pili ya uhandisi wa kawi? Tafuta kwanza mtambo wa kusomea

Ukishuka Mtito Andei, kwa basi la Mombasa au kwa ile treni ya SGR inayosimama kaunti baada ya kaunti, utaambiwa uko katikati ya safari. Nairobi iko nyuma, Mombasa iko mbele, na chai iko hapa. Jina lenyewe ni la Kikamba, na wenyeji hulieleza kuwa ni msitu wa tumbusi. Abiria wengi hununua maji, hujinyoosha kidogo, kisha huyoo, wanaondoka.

Kama umesomea uhandisi, usiondoke haraka hivyo. Tangu mwaka 1978 mafuta ya Kenya Pipeline (KPC) yamekuwa yakisafiri ndani ya bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450, na Mtito Andei ni mojawapo ya vituo ambako pampu huyasukuma yaendelee kupanda bara. Bomba la kwanza lilikuwa la inchi 14. Mwaka 2018 jipya la inchi 20 likachukua kazi yake. Pampu hizo hula stima, na stima nayo inapita ukanda huu huu: laini ya zamani ya kilovolti 132 kati ya Nairobi na Rabai, na ile kubwa ya kilovolti 400 iliyokamilika 2017. Ukiingia Tsavo kuna kambi za watalii ambazo hujizalishia stima zenyewe. Kwa ufupi, kawi ya nchi nzima inapita mlangoni.

Halafu kuna kijana wa hapa, au wa Kibwezi, au wa ng'ambo kule Kitui Kusini, aliyemaliza digrii ya uhandisi miaka miwili iliyopita na bado anazunguka na bahasha ya vyeti. Jioni akiwa kwenye simu anakutana na tangazo: shahada ya uzamili ya uhandisi wa kawi, unasoma ukiwa nyumbani, chuo kiko Uingereza, karo unalipa kwa awamu. Pengine kijana huyo ni wewe. Pengine umeshaanza kuhesabu mbuzi wa mzee.

Basi tuhesabu pamoja, kabla hujatuma hata shilingi moja.

Ninachotaka kukwambia ni hiki: digrii ya pili ya uhandisi wa kawi hulipa pale ambapo tayari una mtambo, laini, paneli au takwimu za kweli unazozishughulikia kila siku. Ukiwa huna, utakuwa umenunua noti za bei ghali. Historia ya kawi ya Kenya imetuonyesha jambo hili mara mbili, mara ya kwanza kwa uchungu.

Ngamia aliyetuweka tukingoja

Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba imepata mafuta kwenye kisima cha Ngamia 1, Turkana. Kama wakati huo ulikuwa shule ya msingi, waulize wakubwa wako ilivyokuwa. Nchi nzima ilizungumza lugha ya mapipa. Vyuo kadhaa vilianzisha kozi za petroli. Waliokuwa na uwezo walianza kutazama Aberdeen, ule mji wa Uskoti uliotajirika kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na vyuo vyake vinavyofundisha uhandisi wa mafuta na gesi hata kwa wanafunzi walio mbali.

Kisha tukaanza kungoja. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani iliporomoka. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kwa barabara kutoka Turkana hadi Mombasa, na yalipita papa hapa Mtito Andei. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa zaidi ya 200,000, ikaondoka kwa meli. Huo ulikuwa mpango wa majaribio. Mwaka 2025 Tullow ilikubali kuiuzia Gulf Energy mradi wake wa Kenya. Kutoka Ngamia 1 hadi hapo ni miaka 13, na uzalishaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza.

Ukambani nako kuna hadithi kama hiyo ya makaa ya mawe. Bonde la Mui kule Kitui lina makaa, na mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini 2013. Mgodi haukufunguliwa. Mtambo wa Lamu wa megawati 1,050, uliopangwa kuendeshwa kwa makaa, ulipokonywa leseni yake ya mazingira na Jopo la Kitaifa la Mazingira Juni 2019.

Fikiria mtu aliyeanza uzamili wa uhandisi wa visima 2013 kwa mkopo wa chama. Alimaliza 2015, bei ikiwa chini, kampuni zikipunguza watu. Hakufeli mtihani wowote. Alisomea mradi ambao ulikuwa bado uko kwenye magazeti, na mkopo haukungoja mradi uanze.

Sisemi petroli ni kozi mbovu. Mtu anayefanya kazi kwenye bomba, kwenye bohari ya mafuta au kwenye mitungi ya gesi ana sababu nzuri ya kuisoma zaidi. Yeye ana cha kushika.

Watu wa mvuke walifanya tofauti

Mara ya pili ni habari njema. Olkaria ilianza kuzalisha stima 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Miaka miwili kabla ya hapo, 1979, Iceland ilikuwa imepokea wanafunzi wa kwanza kwenye mpango wa mafunzo ya mvuke wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Leo mpango huo unaitwa GRÓ GTP na uko chini ya mwavuli wa UNESCO. Hakuna nchi iliyopeleka watu wengi huko kuliko Kenya.

Angalia jinsi unavyofanya kazi. Unapendekezwa na mwajiri, kwa kuwa tayari unashughulika na mvuke: kuchimba visima, kupima joto na shinikizo, kuchunguza kemia ya maji yanayotoka ardhini, kuendesha tabo. Unakaa Iceland miezi sita. Unaandika ripoti, mara nyingi kwa kutumia takwimu za visima vya kwenu. Unarudi kazini. Tangu mwaka 2000, baadhi ya waliofanya vizuri wamerudi kufanya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iceland, wakiwa na swali walilolibeba kutoka Olkaria au Menengai.

Matokeo unayaona ukiwasha taa. Mvuke sasa hutoa zaidi ya asilimia 40 ya stima inayozalishwa Kenya. Elimu yenyewe pia imerudi nyumbani: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi (DeKUT) kule Nyeri kina taasisi yake ya mafunzo na utafiti wa mvuke, na si lazima upande ndege ili uanze.

Tofauti ya makundi haya mawili haikuwa akili wala bidii. Wa petroli wengi walisoma kwanza, kisha wakaingoja kazi. Wa mvuke walikwenda darasani wakiwa na kazi mkononi. Ukielewa hilo, tangazo la kwenye simu utalisoma kwa macho mengine.

Kusoma kwa mbali kwa uhandisi

Kusoma kwa mbali si kitu cha juzi. Chuo Kikuu cha London kilianza kutahini watu wasiokaa kwake tangu 1858. UNISA ya Afrika Kusini iligeuka chuo cha masomo ya mbali mwaka 1946. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yakiwa Konza, kwenye barabara hii hii ya Mombasa. Ila programu zake za mwanzo zilikuwa kama sayansi ya data, usalama wa mitandao na elimu ya teknolojia. Hazikuwa za uhandisi.

Kuna sababu. Uhandisi unataka maabara. Sheria unaweza kuisoma kitandani. Lakini namna transfoma inavyopata joto, namna rilei inavyokata laini kukitokea hitilafu, au sauti ya pampu inayoanza kuharibika, hayo yanataka mtu awepo.

Vyuo vinavyofundisha uhandisi kwa mbali hulizunguka tatizo hili kwa njia tatu. Kwanza ni programu za kompyuta zinazoiga mtambo. Pili ni wiki chache za kwenda chuoni kufanya vitendo. Tatu, na hii ndiyo muhimu, ni mradi wa mwisho unaoufanyia kazini kwako. Ndiyo maana Robert Gordon ya Aberdeen, Heriot-Watt ya Edinburgh na Loughborough ya Uingereza, ambazo kwa miaka mingi zimefundisha masomo ya mafuta au ya kawi jadidifu kwa mbali, huvutia sana watu ambao tayari wako kazini. Maabara yao ni mahali pa kazi. Mtu asiye na mahali hapo hupewa tu takwimu za mfano, zile zile ambazo wenzake 200 wamepewa.

Kwa hivyo ukipigia ofisi ya udahili, usiulize tu kama kozi iko mtandaoni. Uliza: mradi wa mwisho naufanyia wapi, vifaa vinatoka wapi, na nani ataukagua?

Saa 1,800

Sasa tuongee wakati. Shahada ya uzamili ya Uingereza kwa kawaida ina alama 180, na kila alama huhesabiwa kuwa kama saa 10 za kusoma. Zidisha: saa 1,800. Ukiigawanya kwa miaka mitatu unapata saa 600 kwa mwaka, yaani karibu saa 12 kila wiki. Ukitaka kuimaliza kwa miaka miwili ni karibu saa 18.

Saa 12 kwa wiki si mchezo. Ni karibu saa mbili kila jioni, siku sita, baada ya kazi ya mjengo au ya duka. Stima ikipotea, saa hizo hazirudi. Bando likiisha katikati ya mhadhara, unarudia kesho. Wengi wanaoacha masomo ya mbali hawaachi kwa sababu hesabu ni ngumu. Wanaacha mwezi wa tano au wa saba, mtu anapogundua kwamba hakuna mtu yeyote anayejua kama amesoma au hajasoma.

Dawa yake ni ya kizamani: tafuta mwenzako. Hata kama yuko Voi na wewe uko Mtito Andei, mkipigiana kila Jumamosi na kuulizana maswali, mtafika mbali kuliko mmoja mmoja. Na mwambie bosi wako mapema. Mwajiri anayejua unachosoma anaweza kukupa takwimu na ruhusa ya kuingia mahali. Asiyejua atadhani unasinzia tu.

Nani atalipa?

Karo ya ng'ambo ina mtego ambao tangazo halisemi: inalipwa kwa pesa za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita Sh160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu Sh130. Tuseme awamu yako ni dola 3,000. Kwa bei ya kwanza ni Sh480,000, kwa ya pili Sh390,000. Tofauti ya Sh90,000, na hujaongeza hata somo moja. Safari hiyo shilingi ilipanda, ukabahatika. Ingeshuka, mbuzi wa mzee wasingetosha.

Kabla ya kugusa mfuko wa nyumbani, jaribu milango hii.

Jumuiya ya Madola: Uingereza imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo ya mbali tangu 2002, kwa kozi na vyuo vilivyoteuliwa, na Kenya imo kwenye orodha. Unasoma ukiwa nyumbani, karo inalipwa. Watakuuliza masomo yako yatafaidi nini mahali unapoishi. Mtu wa Mtito Andei aliye na jibu la kweli ana nafasi nzuri kuliko mtu wa Nairobi aliye na maneno matamu.

Chuo Kikuu cha Afrika (PAU), cha Umoja wa Afrika: taasisi yake ya Tlemcen, Algeria, hufundisha uzamili wa maji na kawi, upande wa uhandisi na upande wa sera. Nyingine iko JKUAT pale Juja, na ina uhandisi wa stima. Wanafunzi hupata ufadhili, lakini haya ni masomo ya kukaa chuoni, si ya mbali.

Korea Kusini: chuo cha KINGS kule Ulsan hufundisha uhandisi wa nyuklia na kimepokea Wakenya. Kumbuka tu tuliyosema kuhusu Ngamia. Kenya bado haina mtambo wa nyuklia, kwa hivyo nenda ukiwa na mwajiri anayekungoja.

Majirani: Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa kawi, Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, na Makerere hufundisha uzamili wa kawi jadidifu. Arusha haiko mbali kama Aberdeen, na kule utafundishwa juu ya gridi na jua linalofanana na letu.

HELB: watu wengi hudhani ni ya digrii ya kwanza pekee. Ina mikopo ya uzamili pia.

Leseni kabla ya joho

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hivyo soma polepole.

Kenya, neno mhandisi lina ulinzi wa sheria. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliipa Bodi ya Wahandisi (EBK) kazi ya kusajili na kuidhinisha kozi. Unaanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi angalau miaka mitatu chini ya uangalizi kabla ya kutahiniwa na kuwa mhandisi kamili. Kinachotazamwa kwanza ni digrii yako ya kwanza: je, ni ya uhandisi, na je, inatambuliwa? Kama haitambuliwi, usitegemee kwamba uzamili wa ng'ambo utaiosha. Kagua hilo kabla ya kulipa chochote. Kama chuo ni cha nje, muulize pia CUE kama cheti chake kitatambuliwa nchini.

Kama umesoma diploma, au digrii yako ni ya fizikia au teknolojia, usikate tamaa. Sekta ya kawi ina leseni nyingine ambazo huingiza pesa mapema. EPRA hutoa leseni za mafundi wa sola kwa madaraja: T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi. Kituo cha utafiti wa kawi cha Strathmore ni mojawapo ya wanaofundisha kozi hizo, na huchukua siku, si miaka. Kenya Power ina chuo chake cha mafunzo Ruaraka, nayo KPC ina taasisi ya Morendat pale Naivasha kwa mambo ya mafuta na gesi.

Kuna na ukaguzi wa kawi. Kanuni za 2012 ziliwataka wenye viwanda na majengo yanayotumia kawi kwa wingi wafanyiwe ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na mkaguzi mwenye leseni. Hoteli, kiwanda cha maji, hospitali: wote wanahitaji mtu wa kusoma mita, kukagua mota na kuwaambia pesa zinapotelea wapi.

Linganisha basi. Kijana mmoja ana T3, ameweka sola kwenye visima sita, halafu anaomba uzamili. Mwingine ana alama nzuri na hajawahi kushika waya tangu atoke chuoni. Ungekuwa wewe unagawa ufadhili, ungempa nani?

Mtambo wako uko wapi?

Utasema: sawa, lakini mimi niko Mtito Andei, hakuna Olkaria hapa. Tazama tena.

Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba la zamani la KPC pale Thange, eneo bunge hili hili la Kibwezi Mashariki. Yaliingia kwenye udongo na mto ambao watu walikuwa wakinywa na kunyunyizia mashamba, na wakazi wakaishia mahakamani kudai haki yao. Nyuma ya msiba huo kuna maswali ya uhandisi: bomba la chuma lililozikwa tangu 1978 linaliwa vipi na kutu? Tofauti ndogo ya shinikizo kati ya kituo na kituo inaweza kukuonyesha uvujaji mapema kiasi gani? Maji ya kisima yapimwe wapi na mara ngapi? Nani ana haki zaidi ya kuandika tasnifu juu ya hayo kuliko mtoto wa Thange?

Visima: sehemu hii ni kame, na pampu nyingi za maji zinahamia sola. Ni ngapi zilizopimwa vizuri? Pampu kubwa kuliko paneli husimama mchana wingu likipita, na paneli kubwa kuliko pampu ni pesa zilizoanikwa juani bure.

Ndovu: nyaya za stima zinazozuia ndovu wa Tsavo kuingia shambani ni mfumo wa kawi. Betri ikifa usiku mmoja, mahindi ya msimu mzima yamekwenda.

Gridi: Agosti 25, 2023 nchi ilizama gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Na ule mradi wa upepo wa Turkana, mitambo 365 ya megawati 310, ulikuwa tayari 2017 lakini ukakaa hadi Septemba 2018 ukingoja laini ya kuusafirisha umeme wake. Pesa na upepo vilikuwepo, laini haikuwepo. Watu wa laini, wa vituo vidogo na wa mifumo ya kukinga gridi wana kazi popote nguzo zinapopita, na kwenu zinapita.

Kaunti: Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi, na Makueni imeandaa wake. Mpango ni karatasi hadi mtu aende shule kwa shule, zahanati kwa zahanati, akihesabu. Omba kuhesabu.

Hivi vyote ni mitambo ya kusomea. Havikungoji uwe na joho la pili.

Maswali matano kabla ya kulipa

Andika majibu kwenye karatasi. Si kichwani.

1. Digrii yangu ya kwanza inatambuliwa na EBK? Kama hapana, leseni gani nyingine ninaweza kupata mwaka huu?

2. Ni mtambo gani, au takwimu gani za kweli, ambazo nina ruhusa ya kuzitumia kwa mradi wangu? Taja jina la mahali na la anayetoa ruhusa.

3. Nani Kenya anaajiri leo, si kesho, watu wenye ujuzi huu? Tafuta matangazo matatu ya kazi ya mwaka huu. Ukikosa, hiyo ni habari.

4. Saa 12 kwa wiki zitatoka wapi?

5. Shilingi ikishuka kwa robo, nitaweza kumaliza bila kuuza shamba?

Ukipata majibu manne mazuri, omba. Omba ufadhili kwanza, kwa kuwa mara nyingi makataa ya ufadhili huja kabla ya makataa ya chuo. Ukipata mawili, hujafeli. Umegundua tu cha kufanya mwaka huu.

Na mwaka huu kuna mengi ya bure. MIT huweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Wahadhiri wa IIT za India wamejaza mihadhara yao kwenye NPTEL. OpenDSS, programu ya kuchambua mitandao ya kusambaza stima, haiuzwi. Kuna pia PVGIS, ya Tume ya Ulaya, ambayo inaijua Afrika: unabonyeza ramani pale ulipo, unaandika ukubwa wa paneli, inakupa makadirio ya stima mwezi kwa mwezi.

Anza na kisima kimoja. Muombe mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa heshima zote, akuruhusu usome mita yake kila Jumapili kwa miezi mitatu. Linganisha na makadirio ya PVGIS. Zikitofautiana, tafuta kwa nini: vumbi, kivuli cha mti, betri imechoka, waya mwembamba. Andika kurasa nne, weka picha na jedwali. Kurasa hizo nne ndizo utakazoambatisha kwenye barua ya maombi, na hata kama chuo hakitajibu, kamati itakuwa imejua maji yake yanapotelea wapi.